Kukagua namba ya chesisi NHTSA kabla ya kununua pikipiki ya BMW GS iliyotumika: uzoefu wangu

Huduma ni ya bure, haiombi jina wala barua pepe. Unafungua nhtsa.gov/recalls, ukurasa wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, unaandika namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, unaambiwa kama chombo kina wito wa marekebisho (kiwanda kuita vyombo vyenye kasoro virudi) ambao bado haujafanyiwa kazi. Niliitumia hapa Houston nilipokuwa nawinda BMW R1200GS Adventure ya 2015. Naipa nyota nne.

Wanaoijua GS wanaikumbuka habari ya 2017. BMW iliziita R1200GS na Adventure zilizotengenezwa kati ya Novemba 2013 na Juni 2017 zirudi kwa mawakala, zikaguliwe mabomba ya mbele, yale yanayoshika gurudumu. Ukigonga kitu kwa nguvu, tuseme jiwe au shimo lenye kingo kali, bomba linaweza kuumia kule juu lilikozibwa. Siku hiyo huoni kitu. Baadaye mafuta yanaanza kuvuja, na ukipuuza, bomba linaweza kuachia. Na hii ni pikipiki ambayo watu wanainunua makusudi waipeleke kwenye mawe!

Mafundi wa nyumbani wazingatie hili: mabomba ya mbele ya GS hizo hayana springi ndani. Mzigo wote unabebwa na shokapu moja iliyo katikati, mfumo wanaouita Telelever. Mabomba yanaliongoza gurudumu tu. Kwa hiyo pikipiki inaweza kutulia vizuri barabarani huku bomba limeshaumia. Ule mtindo wetu wa kushika breki na kuikandamiza mbele, kama tunavyoipima Bajaj Boxer, hapa hautakuonyesha ugonjwa.

Tiba yake: wakala anakagua, bomba lililoumia linabadilishwa, zima linaongezewa bushi ya kuliimarisha. Hulipi kitu, hata ukiwa mmiliki wa tatu. Tatizo la mmiliki wa tatu ni kwamba barua ya wito hutumwa kwa aliyesajiliwa wakati ule, naye akishauza, habari inaishia kwenye droo yake.

Nikaingiza namba. Jibu: hakuna wito uliobaki. Nyota ya tano nimeibania hapo, kwa kuwa jibu hilo lina maana mbili. Ama kazi ilishafanyika, ama pikipiki haikuhusika tangu mwanzo. Ukurasa hauonyeshi yaliyokwisha rekebishwa, achilia mbali tarehe. Ilibidi nimpigie wakala na kumsomea namba ileile. Kwenye kompyuta yake akaona kazi ya mabomba ilishafanywa. Muuzaji mwenyewe hakuwa na habari, naye aliinunua mkononi. Ile simu kwa wakala ndiyo iliyonifanya nitoe pesa ninunue, si ukurasa.

Tena jibu la leo ni la leo. Mwaka 2024 Harley-Davidson iliita pikipiki zake za Softail zaidi ya 41,000 za miaka ya 2018 hadi 2024, maana boliti ya kirekebisho cha shokapu ya nyuma ingeweza kukatika na kifaa hicho kikagusa tairi. Aliyekagua ya kwake mwaka 2023 asingeliona hilo. Mimi naingiza namba upya kila ninapomwaga oili.

Wito wa zaidi ya miaka 15 usiutegemee humo, wala wa viwanda vidogo sana. Na kwa mlioko Dar au Mombasa mnaoagiza pikipiki zilizotumika kutoka Japani, ukurasa huu hautawafaa. Shemeji yangu alinitumia namba ya Honda aliyokuwa anaitaka. Ni fupi, ina kistari katikati, na NHTSA inataka 17. Honda wana ukurasa wao wa Japani unaopokea namba za aina hiyo. Ni Kijapani kitupu, kwa hiyo fungua kwa simu yenye kitafsiri.