Sindano ya anti-D: dawa yenyewe safi, kuipata ndo shughuli

Wamama wenye grupu ya damu negativu hii ni yenu, maana huku kila mtu anatoa reviu ya pampasi na losheni ya mtoto ila hii sindano hakuna anayeigusa. Mi ni O negativu, baba watoto ni pozitivu, nimechomwa mimba zote mbili na watoto wote wametoka pozitivu, wazima kabisa.

Dawa naipa nyota tano. Iko hivi, mtoto akirithi upozitivu wa baba, damu yake kidogo inaweza kuingia kwako, hasa siku ya kujifungua, mwili wako unaona mgeni kaingia unaanza kutengeneza kingamwili za kumpiga. Mtoto wa kwanza mara nyingi anapona kwa sababu kinga ndo kwanza inajifunza, shughuli ipo kwa anayefuata, zile kingamwili zinapita kwenye kondo zinaenda kuvunja seli zake nyekundu, anaishiwa damu, anapata manjano kali, wengine wanafia tumboni. Na hapo ndo mtaani wanaanza kumtafuta mchawi ni wifi au mama mkwe! Sasa sindano ina kingamwili hizohizo ila za kuazima, zinawahi kuzifuta seli za mtoto kabla kinga yako haijazikariri. Marekani waliiruhusu 1968, baada ya watafiti wa New York na wenzao wa Liverpool kuhangaika na tatizo hilohilo kila mtu kwake.

Bei ni kubwa, sitadanganya, ila nilipojua inatoka wapi nikapunguza kulalamika. Inatoka kwenye plazima, yale majimaji ya damu, ya watu waliojitolea. Kuna mzee wa Australia, James Harrison, alichangia zaidi ya mara 1,100 mpaka alipofika miaka 81 wakamwambia baba inatosha, amefariki 2025. Mungu amlaze pema.

Huduma sasa, nyota mbili na hizo ni za huruma. Hospitali niliyojifungulia wa pili (siitaji jina) kliniki yote waliniambia ipo, msiwe na wasiwasi, nimeshajifungua ndo naambiwa imeisha, mwanaume akatafute famasi. Usiku! Na inatakiwa uchomwe ndani ya masaa 72. Famasi ya kwanza hawaijui, ya pili wanayo ila bei imeruka, na hii ni dawa ya friji, nyuzi 2 mpaka 8, ikabidi aibebe na barafu imezungushiwa taulo ili isiiguse dawa moja kwa moja maana ikiganda nayo imeharibika. Aliyetuelekeza hayo yote ni nesi wa zamu ya usiku, daktari alishapita zake. Huyo dada peke yake nyota tano.

Kwahiyo ulizieni mapema, mimba ikiwa changa, na mwambieni daktari awapime Kumbsi (Coombs, kipimo cha kuangalia kingamwili hizo kwenye damu yako), maana kama mwili ushatengeneza kingamwili zake sindano haisaidii tena, hapo unahitaji uangalizi mwingine kabisa. Sindano ya kwanza huwa wiki ya 28 ya mimba, ya pili baada ya kujifungua kama mtoto ni pozitivu, akiwa negativu hela yako inabaki. Mimba ikitoka, ikitunga nje ya kizazi, ukidondokea tumbo au ukiona damu, nenda kaulizie hapohapo usisubiri tarehe ya kliniki, hilo wengi hawaambiwi na mi nililisikia kwa huyohuyo nesi.