Kitabu cha sauti kuhusu Jaji Traynor, kisikilizeni jamani

Hiki kitabu kuhusu Roger Traynor, jaji wa Mahakama ya Juu ya California, nimekisikiliza wiki nzima kwenye daladala na hela yangu imeenda kihalali kabisa. Alikuwa profesa wa sheria chuo kikuu cha Berkeley, hukohuko California, akateuliwa ujaji 1940. Sehemu ya 1944 ndo tamu zaidi, dada mhudumu wa mgahawa chupa ya Coca-Cola imempasukia mkononi, Traynor akaandika peke yake kwamba mtengenezaji awajibike hata kama uzembe haujathibitishwa, na 1963 mahakama nzima ikamfuata! Na 1948 ndo aliandika hukumu iliyofuta katazo la ndoa za watu wa rangi tofauti, hapo nililia kweli. Ila miaka yake ya ujaji mkuu, 1964 hadi 1970, wameikimbiza mno, nilitaka zaidi.