Mizani ya jikoni kutoka Makoroboi, kwa wanaohesabu kalori za mafuta

Hii mizani nimeichukua Makoroboi hapa Mwanza, ile bapa ya betri inayobeba mpaka kilo 5 na kusoma gramu moja moja, haina hata jina la kampuni, na kwa kazi niliyoitakia, kupima mafuta ya kupikia, naipa nyota nne kati ya tano bila kusita.

Wengi tunaopunguza mwili tunabana ugali, tunabana wali, halafu mafuta tunamimina kwa macho. Jamani, gramu moja ya mafuta ni kalori 9, ya wanga au protini ni 4. Kijiko kimoja cha chakula ni kama gramu 14, hapo una kalori zaidi ya 120, wakati gramu 100 za sato mbichi ni kama 96 tu. Kijiko kimempita samaki! Na ile chupa iliyoandikwa haina kolesteroli isikupe moyo, mafuta ya mimea yote ndivyo yalivyo, kalori ziko palepale iwe alizeti, pamba, mawese au yale ya zeituni ya bei mbaya.

Sasa utamu wake uko hapa: weka chupa nzima ya mafuta juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina kwenye kikaango, rudisha chupa. Ikisoma hasi 11 umetumia gramu 11, zidisha mara 9 umemaliza, hakuna kijiko cha kuosha wala kubishana na mtu. Ila hizo ni gramu sio mililita, mafuta ni mepesi kuliko maji.

Ukikaanga kwenye karai pima karai na mafuta yake kabla, ukimaliza acha yapoe upime tena. Kilichopungua ndio kimeingia kwa samaki, toa kidogo kilichorukia jiko. Sangara wa kupaka unga hapo anakula mafuta kweli kweli, sato mtupu aliyekaushwa maji vizuri ana nafuu.

Viungo vya kulowekea ndio vinachanganya watu. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, hivyo usivipigie hesabu, ni kalori chache mno. Shida ni mafuta, asali na sukari. Kuna wanaopima bakuli baada ya kuloweka ili watoe kilichobaki, mi kwa mafuta sikubali hiyo kwa sababu yanang'ang'ania kwenye ngozi ya samaki na kinachobaki chini mara nyingi ni maji ya ndimu, kwahiyo nahesabu mafuta yote niliyotia, hata kama mengine yatadondokea mkaani. Afadhali hesabu izidi kuliko ipungue.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu inajizima haraka mno, unageuza samaki ukirudi sifuri yako imepotea unaanza upya, na karai kubwa linafunika kioo husomi kitu mpaka uchungulie kwa chini. Wanaopika chukuchuku tu msihangaike nayo.

Ukienda kununua usilipe kabla ya kujaribu, beba maji ya chupa ya nusu lita ambayo hayajafunguliwa, ikisoma gramu 500 na kidogo cha plastiki chukua, ikisoma 470 mrudishie mwenyewe.