Katuni tatu za mtumba, mwandishi mmoja

Nimezinunua Ngamiani, hapa Tanga, barabara ya 12, kwa mzee anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai: Asterix mbili na Lucky Luke moja, zote za Kiingereza, elfu nne kila moja. "Chukua zote mwanangu, hizi hazikai," akaniambia. Nilivutwa na picha, majina ya waandishi sikuyaangalia. Huku Wagauli, watu wa Ufaransa ya kale, wanawatwanga Warumi, kule mchunga ng'ombe wa Marekani na bastola yake. Nani angedhani zina uhusiano?

Usiku umeme ulikatika, nikawa nasoma kwa tochi ya simu, ndipo nikaliona: Goscinny, kwenye majalada yote matatu. Aliyemchora Asterix ni Uderzo, aliyemchora Lucky Luke ni Morris, lakini hadithi na maneno ni ya mtu mmoja. Na kumbe yule Iznogoud wa Baghdad, waziri anayehangaika ampindue khalifa wake, niliyekuwa namtazama kwenye televisheni ya shangazi, naye ni wake!

Tangu hapo nimemfuatilia René Goscinny. Alizaliwa Paris mwaka 1926, akakulia Buenos Aires. Baba yake alifariki mwaka 1943, yeye ndiyo kwanza amemaliza shule, ikabidi atafute kazi. Mwaka 1945 akahamia New York na mama yake, na huko, baada ya dhiki kubwa, akajuana na Morris mwenyewe, na pia Harvey Kurtzman, ambaye baadaye alianzisha jarida la vichekesho la Mad. Alifariki mwaka 1977, ana miaka 51 tu, akiwa anapimwa moyo. Iliniuma kama msiba wa mtu ninayemjua.

Kilichonichekesha kuliko vyote ni mchuuzi wa samaki wa kijiji cha Asterix. Kijiji kiko ufukweni, bahari hii hapa, ila yeye anaagiza samaki kutoka Lutetia, ndiyo Paris ya zamani, mbali huko bara! Wanafika wananuka, ngumi zinaanza. Mtu aliyezoea kununua samaki pale sokoni Deep Sea asubuhi, bado wanarukaruka, hawezi kusoma ukurasa ule akanyamaza.

Halafu kuna majina. Mbwa wa Obelix, rafiki yake Asterix, kwa Kifaransa ni Idéfix, kutokana na msemo wa wazo lililomganda mtu kichwani. Wafasiri wa Kiingereza, Anthea Bell na Derek Hockridge, wakamwita Dogmatix: mtu asiyebadili msimamo, na "dog", yaani mbwa kwa Kiingereza, limekaa hapo hapo mwanzoni. Sikushangaa niliposoma kwamba baba yake Anthea, Adrian Bell, ndiye aliyetunga fumbo la maneno la kwanza la gazeti la The Times, mwaka 1930. Kucheza na maneno kulikuwa kwao.

Ubora wa vitabu: rangi bado kali, maandishi madogo kidogo. Lucky Luke gundi imeachia, kurasa sita zilinidondokea mapajani, nimezishona kwa uzi. Kwa mtoto wa shule ya msingi Kiingereza chake kitamsumbua. Kuanzia kidato cha tatu anasoma vizuri.

Jumamosi nimerudi kwa mzee, nimemwomba aniwekee chochote chenye jina hilo. Amelitamka mara mbili, kisha akaliandika kwa kalamu ubavuni mwa boksi lake: GOSINI.