Nimeifumua jezi ya Nyuki wa Tabora, haya ndiyo niliyokuta ndani

Niseme mapema kwamba mimi ni fundi cherehani, niko Isevya hapa Tabora mjini, na huu ni mwaka wa kumi na saba nakula kwa sindano. Jezi siiangalii kama shabiki anavyoiangalia. Naigeuza nje ndani kwanza.

Hii ni ya Tabora United, timu yetu ya mpira ambayo watu wanaiita Nyuki wa Tabora, na niliinunua nje ya uwanja wa Ali Hassan Mwinyi siku ya mechi, msimu wa 2024/25. Timu ilikuwa imetoka kuifunga Yanga 3-1 kulekule Dar, Novemba 2024, siku chache baadaye Yanga wakaachana na kocha wao Gamondi, na huku kwetu kila mtu alikuwa anatafuta jezi. Muuzaji alitandaza turubai chini, akaanza na 20,000. Nikashika mshono wa ubavuni nikauvuta kidogo mbele yake. Akashuka mwenyewe hadi 15,000 bila mimi kufungua mdomo. Risiti hakunipa, na mimi sikudai. Hilo la risiti nitalirudia.

Kitambaa ni polista ya vitundu, nyepesi, na sina ugomvi nacho hata kidogo. Kwa jua la Tabora la mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, unahitaji kitu kinachopitisha hewa, na hiki kinapitisha. Jasho linakauka upesi na rangi haichuji. Nimeifua pamoja na sare nyeupe ya shule ya mwanangu, hakuna kilichoharibika.

Kwenye mshono ndipo palipo na kesi. Kwapani wameshona kwa sindano moja, mshono wa kawaida ulionyooka, kama unashona pazia. Kitambaa kinachovutika kinataka ovaloku, yaani mshono wa nyuzi kadhaa unaozungushia ukingo na kuvutika pamoja na kitambaa, la sivyo ukinyanyua mikono uzi unakatika. Wangu ulikatika bao la kwanza tu. Nilishangilia nimebana mkono mmoja kama kuku aliyevunjika bawa. Ukosi nao wamekata ribu fupi, unakaba. Na saizi ni ya kubahatisha: L yake ni M ya watu wengine.

Simlaumu aliyeishona. Kazi hizi fundi analipwa kwa idadi, na ukilipwa kwa idadi huwezi kurudia kwapa mara mbili. Nimefanya kazi hizo, najua.

Nembo haijadariziwa, ni stika iliyobandikwa kwa joto. Kifuani wameandika TABORA UNITED kwa mtindo huohuo. Nimefua kwa maji ya kawaida na sabuni ya kipande, pasi sijaigusa. Ufuaji wa tatu herufi B ikaanza kufunua ukingo. Wa tano ikaondoka, ikafuatwa na O. Nikabaki na jezi inayosoma TA, nafasi, RA.

Nikaianika kwenye kamba hapo nje ya banda langu, ndipo mjadala ukaanza. Nina benchi moja la mbao ambalo nililiweka kwa ajili ya wateja, ila wateja hawalikalii. Wanalikalia mzee mmoja mstaafu wa reli na vijana wawili wa bodaboda, na hoja yao kila siku ni ileile: hii timu inakula wapi?

Kwa msiofuatilia, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 ikiitwa Kitayosce. Mechi ya kwanza, Agosti, pale Chamazi dhidi ya Azam, iliingiza wachezaji wanane kwa sababu ya mambo ya usajili. Ilipofika 4-0 wakapungua hata saba hawafiki, refa akamaliza. Mzee wa reli aliisikiliza redioni, anasema alidhani betri zimeisha. Tukawa Tabora United, msimu ule tukaponea kwenye mechi za mchujo. Uliofuata ndio tukaipiga Yanga. Na mwaka 2025 timu ikaenda mikononi mwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ikawa TRA United. Majina matatu katika miaka miwili na ushee, na kila jina lina jezi yake. Kwa muuzaji wa jezi hiyo ni neema, lakini kwangu mimi niliyetoa 15,000, ni nguo iliyopitwa na wakati kabla haijachakaa.

Siku moja kijana wa bodaboda akasema timu ingeuza jezi zake yenyewe isingelia njaa. Nikamwambia kaka, shika chaki tupige hesabu, mimi jezi naijua. Tuseme timu inaenda kucheza ugenini, msafara una watu 30, wanalala wawili wawili, vyumba 15 vya 40,000. Hiyo ni 600,000 kwa usiku mmoja. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, huwezi kwenda na kurudi siku moja, weka siku tatu: 1,800,000. Chakula 30,000 kwa kichwa kwa siku, siku tatu, watu 30: 2,700,000. Safari moja 4,500,000. Ligi ina timu 16, kwa hiyo mechi za ugenini ni 15. Jumla 67,500,000, na hapo basi halijajazwa mafuta, mchezaji hajapokea mshahara wala daktari hajanunua bandeji.

Sasa jezi. Ukishona vizuri, kwa ovaloku na nembo ya kudarizi, ukaiuza bei ambayo mtu wa Tabora ataivumilia, faida ikibaki 8,000 ushukuru Mungu. Gawanya. Unahitaji kuuza jezi zaidi ya 8,400 ili ulale na kula tu. Kijana akanyamaza. Akasema, "Kumbe, dada fundi." Katika hizo 8,400 toa wote wanaonunua kwenye turubai kama mimi, maana ile 15,000 yangu sidhani kama kuna hata mia iliyofika klabuni.

Mzee akaleta hoja ya televisheni. Mkataba wa Azam wa mwaka 2021 ni bilioni 225.6 kwa miaka 10, hela ipo. Ipo kweli, ila anayemaliza juu anakula zaidi ya anayemaliza chini, na anayeanza ligi na wachezaji wanane unajua atamalizia wapi. Mapato ya mlangoni nayo ni ya kungoja Simba na Yanga, na wakija hao, nusu ya jukwaa letu linavaa jezi zao. Mimi mwenyewe nimepunguza kiuno na kufupisha mikono ya jezi za Yanga nyingi kuliko za timu ya nyumbani. Nyuki wetu, asali inalambwa na wengine.

Kuhusu mmiliki mpya benchi limegawanyika. Vijana wanasema sasa mshahara utatoka tarehe yake, kama kwa timu za majeshi: JKT, Mashujaa kule Kigoma, Prisons. Mzee ana wasiwasi mwingine. Anakumbuka Rhino Rangers, timu ya hapa Tabora, walivyocheza Ligi Kuu msimu mmoja tu, 2013/14, wakashuka, tukakaa miaka tisa bila timu. Pia anataja Ihefu ya Mbarali, mwaka 2024 watu wa huko waliamka timu iko Singida na jina jipya. Anasema jina la mji ndilo lilikuwa kamba ya kuifunga timu hapa, nalo limeondolewa. Mimi naelekea kwa mzee. Mshahara ni jambo kubwa, sikatai, lakini Mamlaka ya Mapato iko nchi nzima, na Tabora iko Tabora.

Ila la risiti linanichekesha mwenyewe. Wenye timu ndio wale wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", na jezi ya timu yao nimeinunua chini ya mwembe bila hata kikaratasi.

Kwa anayetaka kuinunua bado, maana zipo, sasa zinauzwa 8,000: chukua namba moja juu ya yako, ipeleke kwa fundi ipigwe ovaloku kwapani na ubavuni kabla ya kuivaa, fua nje ndani. Kwa 8,000 inafaa kwa shamba na mazoezi. Kwa 15,000 hapana.

Mteja mmoja aliiona kambani wiki iliyopita akasimama na baiskeli yake. Akasema B na O zimeshatoka, nikibandua na ile A ya kwanza itabaki TRA UNITED, nisinunue mpya. Anayo ya kwake, akauliza nitamfanyia kwa bei gani. Nikamwambia 2,000, pamoja na kusogeza herufi zikaribiane. Hajarudi.