Alama za Mwalimu wa Kikwajuni, kwa wanaocheza fantasi ya mpira wa Kimarekani

Shilingi elfu tatu kwa timu moja. Hiyo ndiyo bei ya mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, wa Kikwajuni, ambaye kila ukikaribia mwisho wa Agosti husahihisha timu zetu za fantasi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani: unachagua wachezaji wa kweli, unapata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Hapa Unguja fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza kila kijana anaijua; hii ya mpira wa Kimarekani tunaoicheza ni wachache, na huduma ya Mwalimu sijaona mtu aliyeiandika. Naiandika mimi kwa sababu naiona bora kuliko alama za bure zinazotolewa na programu za simu, na kwa sababu yapo mambo mawili matatu ambayo mteja mpya ni vizuri ayajue kabla hajatoa pesa yake.

Mimi nina duka la fotokopi karibu na Darajani. Ligi yetu ni ya kifamilia, watu kumi: kaka yangu yuko Minneapolis, ndiye aliyetutia katika mchezo huu, watoto wa ami wako Mpendae na Jang'ombe, shemeji yuko Chake Chake. Pesa hatuweki, wazee wasingeturuhusu na sisi wenyewe hatutaki. Anayeshika mkia anapika biriani ya ligi nzima, na hilo linatosha kuwafanya watu wasilale. Kila mchezaji anamilikiwa na mtu mmoja tu. Tunachagua kwa zamu, raundi ya kwanza kutoka wa kwanza hadi wa kumi, ya pili kutoka wa kumi kurudi kwa wa kwanza, hivyo hivyo mpaka kila mmoja ajaze timu yake. Yadi kumi za kukimbia au za kudaka ni pointi moja, yadi ishirini na tano za kurusha ni pointi moja, tachidauni (mpira kufikishwa ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani) ya mbio au ya kudaka sita, ya kurusha nne, na kila mpira unaodakwa unaongeza pointi moja. Hiyo ya mwisho ishikeni, maana Mwalimu huanzia hapo.

Tukimaliza tu kuchagua, programu inatoa daraja za timu zote kumi papo hapo. Zinapendeza, na kwa dakika kumi za mwanzo kundi letu la WhatsApp halikaliki. Lakini alama za namna hii kwa kawaida zinasimama juu ya vitu viwili: makadirio ya pointi za kila mchezaji kwa msimu, na wastani wa zamu ambayo watu wengi humchagua mchezaji huyo. Ukimchukua mtu mapema kuliko wastani, unakatwa. Ukimsubiri akaporomoka mpaka kwako, unasifiwa. Kwa maneno mengine mashine inapima umekubaliana na orodha kwa kiasi gani. Haikuulizi kwa nini, na haikwambii ufanye nini wiki ya sita mbebaji wako, yule anayekimbia na mpira, atakapoumia.

Mwalimu anafanya vingine kabisa. Unampelekea matokeo ya uchaguzi wote, si ya timu yako peke yake, na hili halina mjadala kwake. Anakurudishia picha ya ukurasa wa daftari la hesabu, ule wenye viboksi, aliouandika kwa mkono, pamoja na ujumbe wa sauti. Ukurasa una safu nne: zamu, jina, alama, na safu ya mwisho ambayo ndiyo inayonifanya nirudi kwake kila mwaka. Juu yake ameandika "Nani alibaki". Kwa kila mchezaji uliyemchagua anakuorodheshea watatu waliokuwa bado hawajachukuliwa wakati ule, na mmoja wao anampigia mstari kwa kalamu nyekundu iwapo anaona ndiye aliyefaa. Pasipo mstari, amekubaliana nawe. Ukiutazama ukurasa huo dakika tano tu unajua ulipokosea na ulipopatia, na unajua kwa kulinganisha na nani.

Chukua msimu wa 2024. Kaka alipata zamu ya kwanza, akamchagua Christian McCaffrey wa San Francisco, kama walivyofanya watu wengi duniani mwaka ule. Mashine ikampa daraja ya juu kabisa ya ligi. Mwalimu akampa B. Hakuwa na neno na McCaffrey mwenyewe. Alichoandika ni kwamba tangu mwanzoni mwa Agosti kulikuwa na habari za maumivu ya msuli wa mguu, na kwamba kaka amepita raundi zote za mwisho bila kumchukua Jordan Mason, mbebaji wa akiba wa timu ile ile, ambaye hakuna aliyekuwa akimtaka. Jina la Mason lilikuwa kwenye "Nani alibaki" mara tatu mfululizo, mara zote limepigiwa mstari mwekundu. Kaka alikasirika, akasema mzee amezoea kuwabania wanafunzi alama.

Mechi ya kwanza ya San Francisco ilikuwa Jumatatu usiku ya kwao, dhidi ya New York Jets, ambayo kwetu ni saa tisa na robo usiku wa kuamkia Jumanne. Muda mfupi kabla ya kuanza ikatangazwa kwamba McCaffrey hachezi. Mason akaanza, akakimbia mara 28 kwa yadi 147 na tachidauni moja, zaidi ya pointi 20 kwa yeyote aliyekuwa naye. McCaffrey msimu ule alicheza mechi nne tu.

Sisemi Mwalimu alitabiri. Yeye mwenyewe anachukia neno hilo. Alichokifanya ni kusoma hatari iliyokuwa wazi kwa kila mtu na kuuliza kama mwenye timu amejikinga nayo, na kinga yenyewe ilikuwa haigharimu kitu.

Kwangu mimi mwaka ule zamu yangu ilikuwa ya saba, kwa hiyo raundi ya pili nilichagua wa kumi na nne, nikamchukua Saquon Barkley. Mwalimu alinipa A kasoro. Sababu alizieleza kwa sauti na bado ninao ujumbe wake: Barkley ameondoka New York Giants akaenda Philadelphia, kule ukuta wa mbele unamfungulia njia pana zaidi, kwa hiyo yadi zitapanda, lakini Jalen Hurts, mrushaji wao, anapenda kuingia mwenyewe mpira ukiwa hatua moja kutoka mstarini, mwaka 2023 alifunga tachidauni 15 kwa miguu yake, na hizo zote zinatoka mfukoni mwa mbebaji. Kasoro ya A yangu ndiyo hiyo. Barkley alimaliza msimu na yadi 2,005 za mbio. Hata angemaliza na 900 ningekuwa sina la kumlaumu Mwalimu, maana alinionesha hesabu yake yote, mstari kwa mstari.

Ana desturi ya kuanza ujumbe wa kwanza wa msimu kwa kisa cha mwaka 1963. Mchezo huu wa fantasi ulibuniwa 1962 na Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders, akiwa New York na timu yake, na mwaka uliofuata watu wanane wakakutana Oakland kufanya uchaguzi wa kwanza. Hapakuwa na kompyuta ya kutoa daraja. Aliyechaguliwa wa kwanza kabisa alikuwa George Blanda, mrushaji wa Houston ambaye pia alipiga mateke ya pointi. Jim Brown wa Cleveland akaja wa pili. Mwaka ule ule Brown alikimbia yadi 1,863 katika mechi 14. Mwalimu anawauliza wateja wapya: ungekuwa chumbani ungempa aliyemchagua Blanda alama gani? Halafu anasubiri jibu, na anataka sababu. Ukimjibu "F kwa sababu Brown alikimbia sana" anakurudisha nyuma: siku ya kuchagua nani alijua? Uliza kwanza sheria zao za pointi zilikuwaje, kurusha kulilipwa nini, mateke yalilipwa nini, ndipo utoe alama.

Na hilo analishikilia hadi mwisho. Alama alizotoa Agosti habadilishi Desemba. Mwaka 2023 shemeji wa Chake Chake alimchukua Puka Nacua katika raundi ya mwisho, mdakaji mgeni wa Los Angeles Rams, aliyechaguliwa na timu hiyo nafasi ya 177 katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL. Mashine haikumwongezea kitu, raundi ya mwisho ni raundi ya mwisho. Mwalimu alimpa A kwa chaguo lile moja, kwa sababu Cooper Kupp, mdakaji mkuu wa Rams, alikuwa na maumivu ya paja tangu kambini na mipira yake lazima ingekwenda kwa mtu. Nacua alidaka mara 105 kwa yadi 1,486, rekodi za wakati ule kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Kwa ligi inayolipa kila mpira unaodakwa, mara 105 ni pointi 105 kabla hujahesabu hata yadi moja. Lakini timu nzima ya shemeji ilikuwa na C, na C ilibaki C, ingawa shemeji alimpigia simu mara mbili kumwomba aipandishe.

Pale nisipokubaliana naye ni kwenye kwotabeki, yaani mrushaji. Mwalimu anakata alama kila anayechagua mrushaji kabla ya raundi ya saba. Hoja yake inaeleweka: kila mmoja wetu anaanzisha mrushaji mmoja tu, tuko kumi, timu za NFL ni 32, kwa hiyo wazuri watabaki. Anamtaja Patrick Mahomes wa 2018, aliyerusha tachidauni 50 na wengi walimpata mwishoni mwishoni. Sawa. Ila kuna warushaji wanaokimbia, na hapo hesabu inageuka. Lamar Jackson mwaka 2019 alikimbia yadi 1,206. Kwa sheria zetu hizo ni pointi 120. Mrushaji wa kawaida ili apate pointi 120 kwa yadi za mkono peke yake lazima arushe yadi 3,000, na Lamar bado alirusha tachidauni 36 juu ya hizo mbio. Mtu wa namna hiyo unamngojea raundi ya saba kwa sababu gani? Nilimwandikia hoja hii, akanijibu baada ya Isha kwa ujumbe mrefu: "Mwanangu, kwa Lamar nakupa. Kwa kila anayejua kukimbia kidogo, sikupi." Ukurasa uliofuata bado alinikata nusu alama kwa mrushaji wa raundi ya tano. Mimi nashikilia msimamo wangu, na nadhani miaka hii ya karibuni inanipa haki.

Mengine ya kujua. Anachelewa. Mashine inajibu papo hapo, yeye huchukua siku mbili au tatu, na wiki ya mwisho ya Agosti, ligi nyingi zikimaliza pamoja, anaweza kuchukua zaidi. Ujumbe wake wa sauti ni mrefu, mwengine unapita robo saa, kwa hiyo uwe na bando la kutosha au usikilize mahali penye intaneti. Timu za ulinzi na wapiga mateke hana habari nao: anaandika "sawa" na kupita, na kwa maoni yangu yuko sahihi, maana hao unawabadilisha kila wiki kufuatana na mpinzani. Wiki za mapumziko anaziangalia vizuri sana. Kila timu ya NFL inapumzika wiki moja katika msimu wa wiki 18, na ukiwa na wabebaji wako wawili wanaopumzika pamoja, anakuandikia wiki yenyewe pembeni kwa wekundu ili ujipange mapema.

Jambo jingine ninalolithamini, na nawaandikia hasa kina dada: huna haja ya kwenda kukaa barazani. Vijana wa Kikwajuni wanamfuata pale anapokunywa kahawa na wanabishana naye uso kwa uso. Mimi namtumia kila kitu kwa simu, nalipa kwa simu, na jibu ninalopata ni lile lile, kwa urefu ule ule na ukali ule ule. Mara ya kwanza nilipomtumia orodha hakuniuliza nimejulia wapi mchezo huu wala nani kanichagulia. Aliniuliza kama ligi yetu inalipa mpira unaodakwa.

Kama timu yako umeichagua kwa kubahatisha na unataka daraja ya kuwatambia wenzako, tosheka na ya programu, ni bure. Kama unataka kujua nani wa kumwacha na nani wa kumtafuta katika wiki tatu za mwanzo, mpelekee Mwalimu. Orodha iwe ya watu wote wa ligi, zamu kwa zamu, na sheria zenu za pointi ziandikwe juu. Imfikie kabla ya mechi ya kwanza ya msimu kuanza, maana mpira ukishapigwa hapokei tena, hata umlipe mara mbili.