Wembe, Santuri na Mke Asiyeulizwa: Tumeitazama Unfaithfully Yours

Haya wapenzi watazamaji, karibuni. Leo sina filamu mpya. Nina filamu ya mwaka 1948, ya rangi nyeusi na nyeupe, dakika 105, inaitwa Unfaithfully Yours. Imeandikwa na kuongozwa na Mmarekani Preston Sturges. Ni vichekesho vya mapenzi, ila ndani yake kuna wembe. Jumamosi iliyopita niliwaita watu sita sebuleni kwangu hapa Tabata tukaitazama pamoja, na ubishi uliozuka uliendelea mpaka chai ikapoa vikombeni. Kwa hiyo nawaletea filamu pamoja na maneno ya wale watu, maana peke yangu nisingeiona vizuri.

Kisa chenyewe ni hiki. Sir Alfred de Carter ni Mwingereza maarufu, mwongozaji wa okestra, yule anayesimama mbele ya wapigaji na kifimbo mkononi. Anaigizwa na Rex Harrison. Mkewe ni Daphne, binti mzuri, mdogo kwake kwa miaka mingi, anaigizwa na Linda Darnell. Wanapendana waziwazi, kila dakika mikono imeshikana. Sir Alfred alisafiri kwenda Uingereza, na alipokuwa anaondoka alimwambia August, mume wa dada yake Daphne, amwangalizie mke.

Sasa lisikilizeni hilo neno kwa Kiswahili chetu: "Niangalizie mke wangu." Aliyesema alikuwa na maana ya kwamba umpitie, umjulie hali, asikae mpweke. Aliyesikia akaelewa: mchunguze. August akamlipa mpelelezi. Sir Alfred anarudi kwa furaha yake yote, anakabidhiwa ripoti.

Hapo jirani yangu, dereva wa lori wa njia ya Tunduma hadi Lubumbashi, akaniomba nisimamishe. Akasema, "Dada, mimi neno hilo nimelisema." Miaka ya nyuma alikuwa anakaa barabarani wiki tatu, akamwomba mdogo wake amwangalizie mke. Kijana akaanza kumpigia simu: shemeji leo karudi saa mbili usiku, shemeji leo kaletwa na bodaboda. Jirani anasema mkewe alikuwa anauguza mama yake Muhimbili, na yeye mwenyewe alikuwa anajua mama mkwe amelazwa. Alijua, lakini akiwa peke yake usiku kwenye foleni ya mpakani, anachokumbuka ni ile bodaboda tu. Sebule nzima ilinyamaza. Nikabonyeza tukaendelea.

Mwanzoni Sir Alfred anakataa kabisa kuisoma ile ripoti. Anaichana, inamrudia. Anaichoma, moto nusura uunguze chumba. Mwishowe anakwenda mwenyewe ofisini kwa mpelelezi ili hiyo habari ifutike, na hukohuko ndiko anakoisikia: Daphne alionekana usiku kwenye chumba cha hoteli cha Tony, katibu kijana wa Sir Alfred mwenyewe. Kinachoumiza zaidi ni kwamba yule mpelelezi ni mpenzi mkubwa wa muziki, anamhusudu Sir Alfred, anampokea kwa mikono miwili. Anayemvunja moyo ni mtu anayemheshimu.

Usiku huo kuna onyesho. Hapa sasa, ndugu zangu, ndipo penye filamu yenyewe. Okestra inapiga vipande vitatu, na kila kipande kinapoanza kamera inamsogelea Sir Alfred, inaingia mpaka ndani ya jicho, na sisi tunaingia kichwani mwake. Cha kwanza ni cha Rossini, ufunguzi wa opera ya Semiramide, muziki wa mbio na madaha. Humo anamuua mkewe kwa wembe na kumtegea Tony ahukumiwe, kwa hila ya sauti iliyorekodiwa kwenye santuri. Cha pili ni cha Wagner, Tannhäuser, mzito, wa kama ibada. Humo anasamehe, anaandika hundi, anamwachia mke aende na kijana wake, yeye abaki mtukufu. Cha tatu ni cha Tchaikovsky, Francesca da Rimini, tufani tupu. Humo anamtaka Tony washindane kwa bastola yenye risasi moja, kila mmoja ajielekezee kichwani.

Sisi watu wa taarab jambo hili halitushangazi. Fidla zikilia unajikuta unamfikiria mtu ambaye hukuwa unamfikiria. Sturges ameligeuza hilo kuwa mashine ya kusimulia: mwanamume ni yuleyule, shuku ni ileile, muziki ukibadilika naye anakuwa mtu mwingine. Sijaona filamu nyingine iliyonionyesha wivu unavyofanya kazi kichwani kwa namna hii.

Wembe ulipotoka, shangazi yangu alisema, "Zima." Hakuwa anatania. Akasema kila wiki redioni anasikia kamanda wa polisi anasema chanzo ni wivu wa mapenzi, sasa anakuja kuchekeshwa na jambo hilohilo? Namwelewa shangazi, na wewe mtazamaji kama una jeraha la namna hiyo, nakwambia mapema: tukio hilo lipo, na mauaji yameonyeshwa kama ushindi wa mtu mwerevu. Muziki unashangilia. Tony akihukumiwa, Sir Alfred anacheka mahakamani. Inatisha, na nadhani ilikusudiwa itishe.

Dada yangu alimjibu shangazi, na jibu lake ndilo lililonifanya niipende filamu hii zaidi. Alisema, "Subiri afike nyumbani." Kweli, onyesho linakwisha, Sir Alfred anakimbia nyumbani kuyatenda aliyoyaota, na hakuna linalowezekana. Anapanda juu ya kiti kutafuta mashine ya kurekodia, mguu unatumbukia kwenye ukili wa kiti. Simu inamzonga, mhudumu wa simu anaita upande wa pili, yeye anahangaika. Mashine ina maelezo yanayojisifu kwamba ni rahisi mno, naye haiwezi. Kipindi kirefu hakuna maneno, ni mtu mmoja tu na vyombo vya nyumbani vinavyomkatalia. Shemeji yangu alicheka mpaka akatoka nje. Kichwani muuaji alikuwa hodari, sebuleni hawezi hata kuwasha mashine. Shangazi hakucheka, lakini hakuondoka.

Kasoro ninayo. Nusu saa ya kwanza ina maneno mengi mno, Kiingereza cha haraka, kwa hiyo washeni maandishi ya chini hata kama mnajua lugha. Na sehemu ya viti kuvunjika imevutwa kidogo kuliko inavyohitaji. Sauti tumieni spika nzuri au visikilizio, maana ukiikosa okestra umekosa nusu ya filamu. Ipo na iliyotengenezwa upya kwa rangi, ya mwaka 1984, ya Dudley Moore na Nastassja Kinski. Inatazamika, ila makali yamepungua.

Ilipotoka Novemba 1948 haikuuza. Julai ya mwaka huo mwigizaji Carole Landis alijiua, na magazeti yalikuwa yamemhusisha na Rex Harrison. Watu gani wangetaka kumwona tena ameshika wembe na kuchekesha? Sturges, aliyekuwa na jina kubwa miaka michache tu kabla, hakusimama tena vizuri Hollywood.

Mwisho wake nausema, kwa hiyo kama hutaki kuujua ruka mbele kidogo. Daphne hakufanya kitu. Alikwenda chumbani kwa Tony kumtafuta dada yake, mke wa August, mke wa yuleyule aliyemlipa mpelelezi. Maelezo yote hayakuchukua hata dakika mbili, na yalikuwepo tangu asubuhi. Mume hakuuliza. Alimwendea mpelelezi, akatembea na Rossini, Wagner na Tchaikovsky, mkewe hakumuuliza.

Halafu anaomba msamaha. Anaomba kwa maneno mazuri sana, Daphne anamkumbatia, na hamwambii habari za wembe. Hapa ndipo sebule yangu ilipogawanyika. Jirani dereva anasema asimwambie kamwe, mawazo hayana damu. Dada anasema amwambie yote, mpaka ile ndoto ya kwanza ya wembe. Mimi niko na dada, kwa sababu Daphne anamsamehe mtu bila kujua alichokiwaza saa moja iliyopita, na anakwenda kulala naye chumba kimoja. Shangazi alikuwa ameshavaa viatu. Akasema, "Mngemuuliza Daphne angependa nini."

Sikuwa na jibu. Kina mama mnaonitazama, mngependa kuambiwa? Niandikieni hapo chini, nitamsomea shangazi.